Baridi Haina Hatia

Msomaji kijana, leo nataka kumtetea mshitakiwa asiye na wakili. Jina lake ni Baridi. Kila mwaka, mwezi wa Juni unapoingia na mawingu mazito yakatanda juu ya Thika na Ruiru, mshitakiwa huyu huburutwa kizimbani na umma mzima. Mtoto akikohoa, ni baridi. Baba akipiga chafya, ni baridi. Darasa zima likijaa kamasi na mwalimu akakaukiwa na sauti, ni baridi. Hukumu hutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa, na amri yake ni moja siku zote: fungeni madirisha! Mimi nasema kwamba hukumu hiyo ni ya uonevu. Inamwangukia asiye na kosa, na inamwacha mkosaji aende zake akicheka. Mkosaji huyo utamjua kabla hatujaachana, na huenda usifurahi kumjua.

Kwanza nikiri lililo kweli, maana mtetezi anayeficha ukweli hana tofauti na mshitaki mwongo. Miji yetu hii miwili iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Katika majira yale ambayo Wakikuyu huyaita gathano, ukungu hulala juu ya mikahawa ya Ruiru na mananasi ya Thika mpaka asubuhi imekwenda sana, na jua huwa kama deni la mtu mkaidi: huahidiwa kila siku na halilipwi. Ni kweli pia kwamba wakati huo mafua huzidi. Wazee wetu waliliona jambo hilo, nao hawakusema uongo. Waliona mambo mawili yakienda pamoja. Lakini mambo mawili yakienda pamoja, si lazima moja liwe mzazi wa jingine. Jogoo huwika na jua likachomoza. Hata hivyo jogoo hakulizaa jua.

Kama baridi ndiyo inayozaa mafua, Mombasa isingaliyajua mafua kamwe. Na Mombasa huyajua sana. Virusi vya homa ya mafua huonekana nchini Kenya katika miezi yote ya mwaka, pwani penye joto na bara penye baridi. Maradhi makubwa ya homa ya mafua ya mwaka 1918, ambayo hukadiriwa kuwa yaliua watu milioni 50 duniani, hayakuteremka kwetu kutoka theluji ya Mlima Kenya. Yalishuka katika bandari ya Mombasa mwezi wa Septemba mwaka huo, penye jua na jasho, yakapanda gari la moshi kuja bara pamoja na wasafiri, askari na wachukuzi wa vita. Reli ilikuwa imekwisha kufika Thika tangu mwaka 1913. Ugonjwa haukutafuta mahali pa baridi. Ulitafuta mahali pa watu.

Uko na ushahidi mwingine. Mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walifungua karibu na mji wa Salisbury kituo cha kuchunguza mafua, na watu wenye afya walijitolea kwenda kukaa huko ili wachunguzwe. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Christopher Andrewes, mmoja wa wataalamu waliovitenga virusi vya homa ya mafua ya binadamu mwaka 1933. Baadhi ya wale waliojitolea walioga maji ya moto, kisha wakasimama nusu saa penye upepo hali wamelowa, wakatetemeka mpaka wakachoka, na soksi zao zikabaki mbichi miguuni. Baridi hiyo peke yake haikuwapa mafua. Wapo wataalamu wa baadaye wanaosema kwamba hewa ya baridi huenda ikapunguza nguvu ya pua kupigana na vijidudu vilivyokwisha kuingia. Sibishani nao. Vaa sweta lako, kijana, wala usiionee haya kofia ya sufu. Lakini mlango dhaifu si mwizi. Pasipo mwizi, mlango dhaifu hauibi kitu.

Basi mwizi ni nani? Kikulacho ki nguoni mwako. Mafua huletwa na virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na aina zake ni zaidi ya 100. Hata hivyo, kijidudu hakina miguu wala mabawa. Hakiwezi kutoka Makongeni kikafika Juja kama hapana wa kukibeba. Mchukuzi wake ni mimi na wewe. Nauli yake ni chafya tusiyoiziba na kiganja tusichokiosha.

Panda matatu ya Thika saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Julai, uelekee Nairobi kwa ile barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012. Abiria 14 wameketi bega kwa bega, na madirisha yote yamefungwa mpaka vioo vimelia machozi. Kijana mmoja anakohoa katika kiganja chake. Kwa kiganja kile kile anatoa nauli. Makanga anaipokea, anampa mama wa kiti cha nyuma chenji. Na mama, kwa vidole vile vile, anampangusa mtoto wake mdomo. Kabla hamjafika Ruiru, pumzi ya kifua kimoja imekwisha kuzunguka katika vifua vyote. Thubutu sasa kufungua dirisha kwa upana wa vidole vitatu, usikie makelele! «Funga dirisha! Unataka tushikwe na homa?» Ajabu ya maajabu: watu wanaikimbia hewa safi waliyopewa bure na Mungu, wakajifungia na pumzi ya mgonjwa waliyoilipia nauli.

Ndivyo ilivyo njiani, na ndivyo ilivyo nyumbani na shuleni. Katika bweni, madirisha hufungwa saa mbili usiku, na asubuhi hewa iliyomo ni nzito kama uji. Katika chumba kimoja cha kupanga, jiko la makaa huingizwa ndani, mlango ukafungwa na matambara yakazibwa chini yake. Hapo hatari si mafua tu. Makaa yakiwaka katika chumba kisicho na hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na waliolala wakiota moto hawaamki. Hata wakiamka, moshi umekwisha kuumiza vifua vya watoto na kuwafungulia njia maradhi ya mapafu. Tazama basi jinsi dirisha lililofungwa kwa hofu ya baridi linavyoua kwa njia mbili, na baridi yenyewe imesimama nje, mikono yake mitupu.

Nawe hukuzaliwa jana. Mambo haya yote ulikwisha kufundishwa. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona ameonekana Kenya. Shule zikafungwa, hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2021. Ulikuwa ungali mdogo, lakini bila shaka wakumbuka. Katika vituo vya matatu na milangoni mwa maduka yaliwekwa mapipa ya maji yenye bomba, na sabuni kando yake. Matatu ya watu 14 iliamriwa kuchukua watu 8. Madirisha, yale yale yaliyokuwa hayafunguki, yalifunguka! Tulivaa barakoa, tulikohoa katika mkono uliokunjwa, tulisalimiana bila kushikana viganja. Watu waliosema tangu zamani kwamba mambo hayo hayawezekani waliyaweza kwa juma moja.

Kisha hofu ikaondoka. Machi 2022 amri ya kuvaa barakoa ilipoondolewa, tuliondoa pamoja nayo yote mengine ambayo hakuna aliyetuamuru kuyaondoa. Waliotuamuru kuacha barakoa hawakutuamuru kuacha sabuni. Jiulize, yako wapi leo yale mapipa? Mengi yalikauka, bomba zake zikavunjika, yakageuka kuwa ya kuwekea takataka. Hapa ndipo ninapoikamata hoja yangu kwa mikono miwili: hatukuwa na tabia njema, tulikuwa na hofu. Mtu anawaye mikono kwa kuogopa kufa ataacha siku aonapo kwamba hafi. Mtu anawaye mikono kwa kumheshimu mwenzake hataacha, maana mwenzake yupo siku zote.

Utanijibu: «Mafua si ugonjwa. Ni siku saba au kumi, kisha yamekwisha.» Kwako wewe, ndiyo. Una miaka kumi na sita, na damu yako yachemka. Lakini wewe huishi peke yako. Unatoka shule Ijumaa na kikohozi chako kidogo, unafika nyumbani, unambusu mdogo wako wa miezi minne, unaketi karibu na nyanya yako mwenye pumu na kunywa naye chai. Kwako ni kamasi. Kwa mtoto yule yaweza kuwa nimonia, na nimonia ni mojawapo ya maradhi yanayoua zaidi watoto wa chini ya miaka mitano katika nchi yetu. Kwa nyanya yaweza kuwa kitanda ambacho hatainuka. Tena homa ya mafua ina hila: mtu huweza kuieneza siku moja kabla yeye mwenyewe hajaona dalili, na akaendelea kuieneza siku tano au saba baadaye. Asemaye «si kitu» hupima ugonjwa kwa kifua chake mwenyewe. Hicho si kipimo, ni ubinafsi.

Utasema tena: «Nitakwenda duka la dawa.» Hapo napandisha sauti zaidi. Wengi huingia dukani wakaomba antibiotiki kwa ajili ya mafua, nusu dozi kwa fedha chache, wakameza siku mbili na kuzitupa zilizobaki. Antibiotiki huua bakteria. Haina uwezo wowote juu ya virusi vya mafua. Amezaye dawa hiyo bila haja huwafundisha bakteria waliomo mwilini mwake namna ya kuishinda, na siku ya haja ya kweli dawa itakuwa askari asiye na bunduki. Kunywa maji, lala, meza dawa ya kutuliza homa ukihitaji. Chai ya tangawizi na ndimu itakuburudisha koo, wala siikatazi. Ila usiidhanie kuwa ni kinga. Na mtoto mdogo akipumua kwa haraka, au mbavu zake zikibonyea apumuapo, au akikataa kunyonya, usimtafutie tangawizi wala duka: apelekwe hospitali saa ile ile.

Utasema mwishoni: «Maji hatuna.» Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa ni ya kweli. Yako mitaa ya Thika, mji wenye mito miwili, Chania na Thika, ambako mama hununua maji kwa mtungi. Ni aibu, lakini si aibu yake. Wenye mamlaka waliopata mapipa ya kujaza vituo vyote kwa majuma machache mwaka 2020 hawawezi leo kutuambia kwamba jambo hilo halina njia. Shule yenye wanafunzi mamia na bomba moja lililofungwa kwa kufuli haina haki ya kuhubiri usafi kwenye gwaride la asubuhi. Lidai bomba hilo, kijana, kwa adabu na bila kuchoka. Wakati unadai, usikae bure. Chukua dumu la lita tano, litoboe tundu dogo karibu na chini, uzibe kwa kijiti. Lining'inize kwenye mti karibu na choo, na kipande cha sabuni kando yake. Hicho ndicho kibuyu chirizi. Kikombe kimoja cha maji kitatosha mikono yako, na dumu moja litatosha wengi. Sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa muda wa kuhesabu polepole mpaka ishirini. Kuchovya vidole na kuvipangusa kwenye suruali si kunawa. Ni kuwaogesha virusi.

Najua pia kwamba yuko mtu ambaye lawama yangu haimfai. Ni kibarua wa kiwandani, anayelipwa kwa siku. Akibaki nyumbani na homa, watoto wake watalala njaa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyekwisha kutumika miezi miwili mfululizo ruhusa ya ugonjwa, siku saba kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka. Lakini kibarua wa leo hapa na kesho pale aghalabu haionji haki hiyo. Kwa hiyo anakwenda kazini akitetemeka, na jioni wenziwe wanarudi nyumbani na alichokwenda nacho. Tajiri anayemlazimisha mgonjwa kusimama penye mashine ili asipoteze ujira wa siku moja hupoteza kazi ya watu kumi juma lijalo. Siku moja, msomaji, huenda ukawa wewe ndiye mwenye kiwanda. Likumbuke neno hili.

Lakini leo wewe ni mwanafunzi, na yaliyo mikononi mwako si machache. Ukiamka, fungua dirisha la bweni kabla ya kutandika kitanda. Ukiingia darasani, fungua madirisha ya pande mbili, hewa ipite. Atakayeona baridi avae sweta, kwa sababu sweta humfunika mmoja, na dirisha lililofungwa huwaumiza wote. Nawa kabla ya kula, baada ya kutoka chooni na baada ya kupenga kamasi. Usipeleke vidole machoni, puani wala mdomoni bila kunawa, maana hiyo ndiyo milango ambayo virusi hubisha hodi. Chafya ikija, igeuzie ndani ya mkono uliokunja, penye kisugudi, wala si katika kiganja utakachompa mwenzako. Uwe na kikombe chako, wala usione kwamba kukataa kikombe cha rafiki ni kumkataa rafiki. Lala saa za kutosha, maana mwili uliokesha ni askari aliyesinzia langoni. Ukiugua, jitenge kadiri uwezavyo. Na kama ni lazima upande gari, vaa barakoa, uketi penye dirisha, na ulifungue wewe mwenyewe.

Watakucheka. Aliyefungua dirisha katika matatu ya alfajiri huitwa mjuaji, na aliyevaa barakoa kwa mafua huulizwa kama korona imerudi. Vumilia. Samaki mkunje angali mbichi: tabia unayoikunja leo ndiyo utakayokuwa nayo utakapokuwa daktari, dereva, mwalimu au mzazi. Wala sikuambii uzifanye haraka kama mtu aliyetishwa. Zifanye kwa utulivu kama mtu aliyelelewa vyema. Hatusalimii wazee kwa kuogopa kupigwa. Twawasalimu kwa kuwa wao ni wazee nasi tuna adabu. Vivyo hivyo kuziba chafya ni salamu, na kuosha mikono ni namna ya kumwambia mtu usiyemjua, katika kiti cha nyuma, kwamba mtoto wake ana thamani machoni pako.

Basi nafunga utetezi wangu. Baridi ya gathano itarudi, na ukungu utalala tena juu ya mikahawa ya Ruiru. Mwacheni huru mshitakiwa huyu, maana ushahidi haukumgusa. Na wewe, uliyekaa juu ya kiti cha hakimu miaka yote hii, shuka uje kizimbani, kunjua kiganja chako tukitazame. Kama ni safi, nenda kwa amani. Kama si safi, maji yako pale. Na usirudi kukaa kabla hujafungua dirisha.